Kabla ya Kupanda Milima ya Taita, Hesabu Mitungi ya Maji

Agosti ya mwaka juzi tulifika nyumbani kwetu, juu kidogo ya Wundanyi, tukiwa watu kumi na mmoja. Mama alikuwa ametusubiri njiani tangu saa tisa, leso mbili mabegani, akatusalimu mmoja mmoja hadi kile kitoto cha mwisho kilichokuwa kimelala mgongoni. Siku ya tatu niliamka alfajiri kwenda msalani, nikamkuta jikoni peke yake. Amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto wa kuni mbichi, na kando yake mitungi minne ya lita 20, miwili imejaa, miwili mitupu. Nikamuuliza maji ya tenki yameenda wapi. Akanijibu bila kugeuka: "Yameoga."

Baadaye nilipiga hesabu. Mama akiwa peke yake, mitungi miwili inamtosha kwa siku, kuku na mbuzi wakiwemo. Lile tenki la lita 1,000 alilolijaza kwa mvua za Mei, akalilinda kama akiba ya benki, lilikuwa siku zake 25. Sisi tulilimaliza kwa siku mbili. Hakuna aliyekusudia. Watoto wa Mombasa huoga asubuhi na jioni kwa sababu ya joto, na hakuna aliyewaambia kwamba kwa nyanya yao hakuna joto.

Tangu hapo, kila anayeniuliza jinsi ya kupanga likizo ya familia huko milimani namrudishia swali: nani atachoka? Hoteli ina watu wanaolipwa wachoke. Nyumbani kwa wazee hawapo, na mara nyingi anayechoka ni yule yule ambaye safari nzima imefungwa kwa heshima yake. Naye hasemi. Mkishaondoka atalala siku tatu, kisha kanisani atawaambia wenzake watoto walikuja, walifurahi sana.

Kwa hiyo mipango haianzi na tiketi. Inaanza na simu, na simu hiyo usimpigie mzazi. Mzazi ukimuuliza anahitaji nini atakujibu "njooni tu," jibu ambalo halina habari yoyote ndani yake. Mpigie yule anayemkatia kuni, au yule binti wa jirani anayempelekea dawa. Huyo ndiye anayejua kwamba godoro la chumba cha pili limeliwa na panya, kwamba mfereji wa bati umepasuka na nusu ya mvua inamwagika chini, kwamba choo cha shimo kinakaribia kujaa. Muulize pia kuni zimebaki ngapi. Kuni zilizokatwa wiki mnayofika ni moshi mtupu.

Baada ya hapo tuma pesa, na uzitume wiki mbili kabla, si siku mnayofika. Pesa zinazofika pamoja na wageni hazichoti maji. Tulipojaribu kumwajiri mtu wa kusaidia, mama alikataa kabisa: watu watasema nini, kwamba watoto wake wamekuja na kumlipa mtu baki amwoshee vyombo? Tukazunguka. Tulimpa pesa yule binti ambaye tayari huja pale, tukamwomba mwezi huo aje kila siku badala ya mara mbili kwa wiki, na kijana wa boda boda akakubaliana nasi bei ya mitungi kumi kila asubuhi. Mama aliona watu wale wale anaowajua wakiingia na kutoka. Hakuna heshima iliyovunjika.

Kuhusu majira, kalenda ya shule inatupa Aprili, Agosti na Desemba, na kila mwezi una ushuru wake. Aprili ni masika; njia za udongo za Mgange na Werugha zinateleza kama sabuni. Desemba ndiyo kila mtu anakwenda, nauli inapanda, harusi zinagongana Jumamosi moja, na vuli mara nyingi bado haijamaliza kazi yake. Mimi ni mtu wa Agosti. Kuna ukungu hadi saa nne na usiku ni wa blanketi mbili, lakini ardhi ni kavu na mji umetulia. Ila waandae watoto. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari na kilele cha Vuria kiko mita 2,208; baina ya joto la stesheni na baridi ya kitanda cha nyanya ni safari ya muda mfupi tu. Sweta ziwe juu ya begi, si chini. Nimewahi kufungua masanduku matatu kando ya barabara pale Mwatate nikitafuta soksi.

Treni ya Madaraka imeturahisishia mambo tangu 2017, hasa kwa wanaotoka Nairobi na Mombasa kukutana njiani, na Voi ndipo pa kukutania. Hakikisha tu kwamba treni unayokatia tiketi inasimama Voi, maana si kila treni husimama kila kituo. Watoto wakae dirishani. Reli imeinuliwa sehemu nyingi na kuachiwa mapito chini yake ili wanyama wavuke, na ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la huko, huonekana bila kulipa kiingilio.

Vitu vizito vinunue Voi: mchele, unga, sukari, mafuta, mtungi wa gesi. Mboga usinunue. Kila mwaka namwona mtu anapanda Wundanyi na kabeji zilizoteremka kutoka huko huko juzi yake. Mboga, ndizi na parachichi nunua kwa majirani wa mama, bei ya shambani, na ujirani unanona. Kutoka Pwani peleka kitu ambacho mlimani hakioti: nazi. Nazi kumi humfurahisha mama kuliko kanga za duka la bei ghali, na mwaka huu aliziweka chini ya kitanda chake, akawa anatoa moja moja.

Kutoka Mwatate kwenda juu barabara ni kona juu ya kona. Watoto wasile chipsi pale chini. Kaa nao mbele, fungua dirisha, na mfike kabla ya magharibi, kwa sababu ukungu ukishuka dereva mwenyewe anaendesha kwa kukumbuka. Kama mnakwenda na gari la kukodi, angalia magurudumu kwa macho yako. Desemba moja tulipewa gari lenye matairi laini kama kipara, na mlima wa mwisho tukasukumwa na vijana sita na shemasi aliyekuwa anatoka mazoezi ya kwaya. Mama anaisimulia hadithi hiyo hadi leo, na kila mwaka vijana wanaongezeka.

Sasa mmefika. Jioni ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Kula, sikiliza, lala. Kazi inaanza asubuhi, na hapa nitasema jambo ambalo wanaume wenzangu hawalipendi. Kwenye likizo nyingi za kwetu wanawake huhamisha jiko la mjini hadi jiko la kijijini, na wanaume huhamisha kiti cha baa hadi chini ya mwembe. Mke wa ndugu yangu, siku ya nne ya ile safari ya watu kumi na mmoja, alisema kwa upole kabisa kwamba yeye hajapata likizo, amebadilisha sinki. Mwaka uliofuata tuligawana. Kaka yangu, mhasibu wa Nairobi asiyejua hata nyundo inashikwa wapi, alipewa mfereji wa bati. Alianguka ngazini mara moja, akajipiga kidole mara mbili, akamaliza siku ya tatu. Mvua ndogo ilipopita usiku ule sote tulikaa kimya ndani tukisikiliza maji yakiingia tenki, na yeye akawa anatutazama usoni mmoja mmoja.

Watoto nao wapewe kazi yenye jina, si "msaidieni nyanya." Mmoja wa mayai. Mmoja wa kufungia mbuzi. Mmoja wa moto. Binti yangu wa miaka 12 alichagua moto. Wajifunze kusalimia kwa Kidawida, lugha ya huko, kabla hawajafika; *kwawuka mana* ya asubuhi na *chawucha* ya shukrani zinatosha kuanzia, hata wakizitamka kwa lafudhi ya Kisauni. Simu usiwanyang'anye. Stima ikikatika na mtandao ukawa unapatikana kwenye jiwe moja tu nyuma ya nyumba, simu itajinyang'anya yenyewe.

Na wapelekeni shamba. Shamba la milimani ni matuta yaliyopangwa mlima mzima kama ngazi, na ukilima penye udongo mweusi wenye unyevu unaweza kumfukua kiumbe anayefanana na mnyoo mnene, rangi ya buluu iliyokolea, hana miguu. Msimkate kwa jembe. Si mnyoo wala nyoka. Ni jamaa ya chura, na yuko Taita tu. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza jinsi anavyolea: ngozi ya mama hunenepa, hujaa mafuta, na watoto huibambua kwa meno yao madogo wakaila. Niliwasomea watoto habari hiyo mezani, kimanga kiko kwenye sahani, muhogo na maharagwe yaliyopondwa hadi yakashikana. Kukawa kimya kidogo. Kisha mpwa wangu akamuuliza nyanya yake kama anaumwa.

Ugomvi utakuja. Watu wazima wanane chini ya paa moja, kila mmoja na kumbukumbu yake ya nani alisomeshwa na nani hakusomeshwa, hawawezi kumaliza wiki. Wazee wetu walilijua hili kuliko sisi. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu imani ya Wadawida, kikatoka 1978, na kiini chake ni hasira: kwamba kinyongo kilichofichwa moyoni mwa mzazi au ndugu huleta maradhi na hasara nyumbani, hata kama mwenyewe hakukusudia. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mtu alichukua funda la mbangara, ile pombe ya miwa, au la maji, akalipuliza nje huku akitamka kwamba hasira imetoka, na kuwatakia wenzake heri. Angalia ujanja wake. Hukutakiwa kuthibitisha kwamba ulikosewa. Ulitakiwa kukiri kwamba umekasirika, mbele ya watu, kisha kuitema.

Mama ni mtu wa kanisa tangu utoto na mbangara haiingii kwake. Lakini usiku wa pili, kabla ya sala, ana desturi ya kuzungusha zamu: kila mtu aseme kinachomkera. Wa kwanza kusema ni yeye mwenyewe. Mwaka huu alisema hapendi vile tunavyomnong'onea daktari wake kwa simu kana kwamba yeye hayupo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na simu hiyo hiyo mfukoni. Fanyeni hivyo mapema, usiku wa pili au wa tatu. Mkingoja usiku wa mwisho, mtapeana hasira za kubeba ndani ya treni.

Mambo ya kugawana ardhi yasiwe sehemu ya mazungumzo hayo. Likizo si baraza. Lakini kutembea mipaka ni jambo jingine, nalo ningelitanguliza mbele ya matembezi yote. Familia nyingi za Taita hazikuwa na shamba moja. Zilikuwa na kipande juu penye baridi, kingine katikati ya mteremko, na kingine chini kwenye nyika, ili mvua ikikataa hapa isikatae kote. Mwombe mzee awaonyeshe, kwa miguu kama anaweza, kwa gari kama hawezi, na mwandike: mti gani ni mpaka, jirani ni nani, chemchemi ni ya nani. Tulipoteremka na mjomba hadi kipande chetu cha chini watoto walishangaa kwamba kabeji na mkonge ni mali ya ukoo mmoja. Mjomba ana miaka 81. Mimi nilikuwa na daftari, na nilijuta kwamba sikwenda nalo miaka kumi kabla.

Msitu wa Ngangao unafaa kwa asubuhi moja. Nendeni na kijana wa kijiji, mapema, ukungu ukiwa bado kwenye matawi, na mpunguze sauti: humo na katika vipande vingine vichache vya msitu uliobaki, kama Mbololo, kuna ndege wasiopatikana kwingine duniani. Vuria ni kwa wenye magoti. Bura, upande wa chini, kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1892, na mtu mwenye bibi aliyesomea huko atakuwa na sababu ya kusimama.

Mapango ndiyo yanayohitaji adabu. Zamani, mtu mzima alipofariki alizikwa, kisha baada ya muda kaburi lilifunguliwa na fuvu lake likapelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliomtangulia. Desturi ilikoma dini mpya zilipoenea, lakini baadhi ya mapango yapo, mafuvu yamo, na si vinyago vya makumbusho. Ni babu wa babu. Usiende kwa kuelekezwa na boda boda. Uliza nyumbani kama ukoo wenu una pango na nani anaruhusiwa kuwapeleka. Mkiambiwa hapana, ni hapana. Mkipelekwa, msiguse, msipige picha, na watoto wadogo wabaki. Vivyo hivyo kwa zile sehemu za fighi, vichaka vya ulinzi vya zamani ambavyo havikatwi mti. Sisi tulikwenda wakubwa wanne. Kaka yangu, ambaye njia nzima alikuwa anafanya mzaha, alivua kofia bila kuambiwa.

Tsavo iacheni mwisho, wakati wa kushuka. Hifadhi mbili za Tsavo, zilizotengwa 1948, zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti, na mtu hawezi kukulia Taita asiwe na neno juu yake, zuri au chungu. Kiingilio hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, kwa hiyo lipeni kabla hamjafika lango la Voi, mkiwa bado na mtandao. Lala Voi usiku mmoja, chini ya chandarua, mwingie alfajiri. Lakini kabla ya kuwaonyesha watoto ndovu, pitieni Sagalla mkaone mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya: ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye ndovu, na ukubwa wake wote, anageuka. Mtoto akishaona shamba la mtu aliyelala macho akilinda mahindi, ndovu wa pichani anapata uzito mwingine. Na msitembee usiku maeneo ya chini, iwe Sagalla, Maungu au Maktau. Ndovu hana taa.

Siku ya kuondoka isiwe siku ya usafi. Usafi ni siku moja kabla: shuka zifuliwe na zikauke, chupa za plastiki mlizokuja nazo mrudi nazo, majivu yazolewe, tenki lijazwe kwa mitungi ya yule kijana, hata kama ni kwa safari ishirini. Dawa za mama ziwe za miezi miwili. Asubuhi ya kuondoka iwe ya chai tu.

Agosti hii tulikuwa watu tisa kwa siku sita. Wawili tuliwaomba waje Krismasi. Asubuhi ya mwisho ilifika saa moja na nusu, ukungu umekaa mlangoni, na mlango wa chumba cha mama ulikuwa bado umefungwa. Tukawa tunatembea kwa ncha za vidole na mabegi mikononi. Binti yangu alikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi, moto umeshika, sufuria ya chai imefurika mara mbili. Saa mbili mama akatoka, leso mbili mabegani, nywele hazijachanwa. Akaketi kwenye kigoda, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akaonja.

"Hii ni maziwa gani," akasema. "Ongeza majani."